Mtoto Yule Hasikii

Mheshimiwa Afisa Elimu wa Wilaya, Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Wazazi, walimu wenzangu, wazazi mliokuja wenyewe na nyinyi mliotumwa kuwawakilisha, wanafunzi, hasa wa darasa la kwanza mlioahidiwa soda mkikaa kimya hadi mwisho, na wewe, mpishi wetu, ambaye leo kwa mara ya kwanza umekaa kiti cha mbele huku wengine wakihudumia: nawasalimu nyote kwa heshima.

Tumekusanyika kumuaga mwanamke aliyepika katika jiko la shule hii kwa miaka ishirini na sita. Hapa hakuna anayemwita kwa jina. Ni Shangazi. Wanafunzi humwita hivyo, walimu humwita hivyo, na mimi pia, ingawa nimemzidi umri kwa miaka miwili. Wenzangu watamsifu kwa chakula chake, na watakuwa wamesema kweli. Mimi nitasimulia jambo moja tu, na katika jambo hilo mimi si mtu wa kupigiwa makofi.

Shule yetu mnaijua. Ina wanafunzi mia tatu na arobaini, na majumbani mwao, kwa hesabu ya mwisho, zinasemwa lugha kumi na saba. Wako ambao babu zao walizaliwa mtaa huu, na wako waliofika wiki jana na begi moja. Kwa hiyo sisi walimu tumejijengea mazoea. Mtoto mgeni akikaa kimya, hatushtuki. Tunasema, mwacheni, lugha itakuja. Na kwa kawaida huja, mara nyingi kupitia mpira na ugomvi wa kugombea bembea. Tulijivunia sana uvumilivu wetu huo. Nani angedhani kwamba uvumilivu nao unaweza kumdhuru mtoto?

Miaka minne iliyopita aliletwa binti wa miaka minane, akaingia darasa la pili. Mama yake alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha magunia, na lugha yao hakuna mwalimu aliyeijua. Binti alikuwa msafi, mtulivu, na alinakili ubaoni kwa mwandiko unaoushinda wangu. Lakini hakujibu. Akiulizwa swali, alitazama dirishani. Muhula wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, nasi tukaendelea kusema kwamba lugha itakuja.

Siku moja, wakati wa chakula cha mchana, sinia la vijiko lilimponyoka Shangazi likaanguka sakafuni. Mnalijua bwalo letu lilivyo, bati juu na kuta tupu. Watoto waliruka, mwalimu wa zamu akajimwagia chai, na mtoto mmoja wa darasa la kwanza akaangua kilio. Yule binti alikuwa hatua mbili tu kutoka pale, amekaa ameligeuzia sinia mgongo. Akaendelea kula. Aligeuka pale tu alipoona wenzake wote wanatazama upande mmoja.

Kesho yake Shangazi alisimama nyuma ya binti, akagonga sufuria kwa mwiko. Keshokutwa yake alimwita kwa jina kutoka mlangoni. Siku ya nne alivua aproni, akaja ofisini kwangu, akasema maneno matatu: "Mtoto yule hasikii."

Ndugu wageni waalikwa, mnajua tunavyolitumia neno hilo. Mtoto akipanda ukuta, hasikii. Akiambiwa aende kuoga naye akakimbilia uwanjani, hasikii. Mimi nilikuwa na rundo la madaftari mezani. Nikamshukuru bila kuinua kichwa, nikamwambia nitalishughulikia.

Na kweli nililishughulikia. Nilimwita mama mtu. Nikamwomba fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara awe mkalimani, kwa kuwa mama mkwe wake ni mtu wa kwao binti, na lugha yao fundi anaijua. Nikaeleza, kwa sauti yangu ya kiofisi, kwamba binti hajibu akiulizwa, haitiki akiitwa, na kwamba hata jikoni wamelalamika juu ya ukaidi wake. Fundi alitafsiri vizuri sana, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, na fundi akanifasiria huku anaangalia viatu vyake, kwamba hana mtoto mtiifu kuliko huyo, kwamba ukimwashiria jambo ameshalifanya, na kwamba kama shule inamwona mkaidi, basi atakaa nyumbani. Jumatatu hakuja. Siku ya tatu nikaandika kwenye rejesta: ameacha.

Mchana huohuo Shangazi alikuja tena. Alikuwa amebakiwa na sahani moja siku tatu mfululizo. Safari hii hakusimama mlangoni, bali alivuta kiti akaketi mbele yangu bila kukaribishwa. Akaniuliza mtoto yuko wapi. Nikamweleza, nikaongeza kwamba nimefanya kama alivyoshauri yeye mwenyewe. Alinitazama kwa namna ambayo mwalimu mkuu hajazoea kutazamwa.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilisema hasikii. Sikusema mkaidi. Nilisema masikio."

Sitaeleza nilivyojisikia, maana leo si siku yangu. Nitasema tu kwamba nilifunga ofisi saa saba mchana, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, tukaondoka watu watatu: mpishi, fundi cherehani na mimi. Binti na mama yake walikaa chumba kimoja, ghorofa ya tatu. Mama alifungua mlango nusu, akabaki ameushika. Nikaomba radhi, fundi akatafsiri. Nikaomba tena, akatafsiri tena, na mlango haukusogea. Ndani, binti alikuwa ameketi mkekani anakunja nguo, ametugeuzia mgongo. Shangazi alimgusa mama mkono, akamwonyesha kidole kimoja, kwamba subiri kidogo tu. Kisha akapiga makofi mara mbili, kwa nguvu zote. Jirani wa mlango wa pili akachungulia. Binti akaendelea kukunja shati.

Mama akamwita mwanawe kwa jina. Kwanza taratibu, kisha kwa sauti kubwa, kisha kwa sauti ambayo ningependa niisahau. Halafu akaufungua mlango wote.

Daktari alisema ni maradhi ya masikio ya utotoni yaliyokosa matibabu. Sikio la kushoto halina tena la kufanywa. La kulia lingeweza kusaidiwa na kifaa. Shangazi, ambaye hakuwahi kuomba ruhusa tangu aajiriwe, aliomba siku tatu za kuwasindikiza hospitali. Siku hizo tatu tulipika sisi walimu. Wanafunzi wa wakati ule watawasimulia; mimi yangu yametosha.

Binti akarudi, akapewa kiti cha mbele, sikio la kulia, sasa lenye kifaa, likielekea kwa mwalimu. Nasi tukakubaliana kwamba hakuna tena kusema huku tunaandika ubaoni: mwalimu ageuke, atazame darasa, aseme bila haraka. Tulianza kwa ajili ya mmoja. Kabla muhula haujaisha, wageni wengine wakawa wanatuelewa kuliko zamani, na mwalimu wa hesabu, aliyefundisha ubao kwa miaka tisa, akakiri kwamba sasa anawajua wanafunzi wake kwa sura.

Leo yule binti yuko darasa la sita. Anazungumza. Maneno mengine hutoka yamepinda, na anayemcheka hupata jibu lake palepale. Mama yake ndiye anayewapokea wazazi wageni kila muhula. Huwauliza kwanza kama mtoto anasikia, kama anaona vizuri, kama analala. Habari ya lugha huiuliza mwisho.

Mheshimiwa Afisa Elimu, nimebakiwa na moja, nalo ni lako. Mwaka ule nilikuletea taarifa, na katika ukurasa wa nne niliandika kwamba shule ilibaini tatizo la usikivu la mwanafunzi na kuchukua hatua mapema. Uliisoma sentensi hiyo mbele ya walimu wakuu wote wa wilaya, ukanipa cheti. Haikuwa kweli. Shule haikubaini kitu. Shule iliandika kwamba mtoto ameacha. Aliyebaini ni mpishi, nami sikumtaja kwa jina wala kwa kazi yake. Taarifa hiyo nimeiandika upya, na jina lake kamili liko mstari wa kwanza. Hii hapa. Naomba uipokee leo, yeye akiwa anaona, uiweke kwenye faili mahali pa ile ya zamani. Cheti nimekiteremsha ukutani. Msumari nimeuacha, iwapo wilaya itaona vema kuandika kingine.

Shangazi, shule inakushukuru, nami binafsi nakushukuru. Na nyinyi nyote mliotulia mkanisikia hadi hapa, asanteni sana.