Kijumba cha Kupeleka Bweranyange

Kijiwe chetu hapa Omurushaka kiko mbele ya karakana ya Gosbert, seremala tunayemwita Msumari. Jana asubuhi gari la watalii lilisimama kuuliza njia ya Kyerwa. Gari refu, ndani lina kitanda, jiko, mpaka choo. Lilipoondoka, Alistides alibaki kalikodolea macho. Huyo tunamwita Breki. Kaendesha malori miaka thelathini. Mkewe, Kokuhirwa, yuko kwao Bweranyange mwaka wa pili sasa, anamuuguza mama yake.

— Msumari, niundie kama lile, Breki akasema.

— Lile gari, bwana! Lina injini, leo linalala huku, kesho kule. Mimi nitakuundia kijumba cha mbao. Tunakipakia kwenye lori, tunakishusha, kinakaa.

— Si vyote vinahama?

— Gari linahama lenyewe. Kijumba kinahamishwa.

Benadeta, anayetuuzia kahawa, akadakia:

— Haba na haba hujaza kibaba! Kifunge matairi, kitakuwa gari.

— Matairi ya nini? akasema Niyomugabo, mfugaji. Ng'ombe wangu wanne watakivuta, na maziwa mnakunywa njiani. Mchumia juani hulia kivulini!

— Basi panda na migomba juu ya paa, Benadeta akasema. Uhame na shamba.

Tukacheka. Breki hakucheka.

— Nyie mnacheka. Mimi siwezi kulala chini ya paa moja na mama mkwe, ni aibu. Nikienda, nasalimia nikiwa uani, nageuza. Nikiwa na kijumba changu pale pembeni ya migomba, jioni Kokuhirwa atakuja, tutaongea. Basi. Sitaki kingine.

Msumari akaweka randa chini.

— Kumbe hutaki gari.

— Barabarani nimekaa miaka thelathini, ndugu yangu. Yeye ndiye aliyekuwa ananingoja.

Kansiime, binti wa Bweranyange aliyekuja akiendesha bodaboda kununua misumari, alikuwa amesimama anasikiliza.

— Shikamoo, mzee. Mkeo, mama Kokuhirwa, namjua, tunachota maji pamoja. Yeye anasemaje kuhusu hicho kijumba?

Tukamtazama Breki, Breki akatazama barabara.

— Sijamuuliza, akasema. Miaka yote hii sijawahi kumuuliza kitu.

Akainuka, akavaa koti, akapanda bodaboda nyuma ya Kansiime.

— Nikate mbao? Msumari akauliza.

— Subiri kwanza.

Pikipiki ikaondoka.