Mabuti ya Bi Wadha

Hind alijidai anasoma simu, lakini ndani ya lile basi la kwenda Al Khuwair hakuna aliyeweza kuacha kutazama. Kiti cha mbele yake alikaa bi mkubwa mwenye buibui safi, na chini ya buibui mabuti mazito ya kutelezea kwenye theluji. Nje jua linachoma.

"Nnayazoesha," bi mkubwa alimwambia kijana aliyekaa ubavuni mwake. "Ijumaa nnakwenda Georgia kuteleza thelujini na wajukuu. Wamesema mie nikae hotelini niwalindie mabegi. Mie, Wadha!"

Kijana akajitaja kuwa ni Loai, na kwamba ameteleza msimu mzima. Akainama, akayabonyeza mabuti. "Makubwa haya, bibi. Kisigino kikinyanyuka, zile mbao za kutelezea zitakwenda zitakako zenyewe."

"Nimechukua makubwa kusudi, nivae soksi mbili."

"Soksi moja tu, bibi! Na mbao zikufike kidevuni, basi."

"Muuzaji kasema zinipite kichwa."

"Muuzaji alibakiwa na zipi dukani?"

Bi Wadha akasimama katikati ya basi, akakunja magoti. "Haya, kitazame hicho kisigino!"

Hapo hapo dereva akakanyaga breki. Bi Wadha akaenda mbele, akayumba, akarudi wima. Basi zima likampigia makofi.

"Umeona?"

"Nimeona kimenyanyuka!"

Wakashuka Al Khuwair wakibishana, bi mkubwa akiteremka ubavu ubavu. Hind, ambaye hajapata kuiona theluji, akajikuta anacheka peke yake, magoti ameyakunja.