Maisha ya Mama Yetu, Honi wa Kiwanda cha Mablanketi

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, na nyinyi wa kiwandani mliokuja na sare zenu, familia imenituma mimi, kitinda mimba, niwasomee maisha ya mama yetu, mnivumilie nikienda mbio, mtoto wangu yuko kwa shangazi hapo nyuma, akilia tu nitaruka mistari.

Mama alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha treni, mtoto wa tatu wa fundi viatu, na inasemekana alilia kwa nguvu hadi abiria wakadhani treni imewahi. Alianza shule ya msingi mwaka 1971, akaingia sekondari, akaishia kidato cha pili babu alipougua, na tarehe 2 Mei 1983 akaajiriwa kiwanda cha mablanketi, chumba cha kufuma, ambako mashine zinanguruma hadi watu wanasomana midomo, umbeya wote unapita kimyakimya, lakini mama alisoma midomo na bado akapiga kelele, wakamwita Honi.

Hapo ndipo baba yetu, dereva wa gari la mikate, alipomwona, akasimama nje ya dirisha akifanya mazoezi ya posa peke yake, mama akasoma kila neno kupitia kioo, akatoka kumwambia kwamba amekubali, ila pale pa kusifia macho apafupishe. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1986, wakajaliwa watoto wanne.

Kilichomfikisha bungeni ni mdogo wake, mama yetu mdogo, aliyefuma pale kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu hadi mvi zikamjaa, akaagwa kwa soda na kofia, maana sheria ya akiba ya uzeeni iliwatambua wa ajira ya kudumu tu. Mama mwenyewe alikuwa wa kudumu, angeweza kunyamaza, lakini alisema hawezi kula uzee wake huku mdogo wake anameza mate, akakusanya wenzake wa chama cha wafanyakazi, wakabisha hodi kila ofisi, wakaambiwa njooni kesho hadi hiyo kesho ikaota ndevu.

Tarehe 17 Agosti 2021 kamati ya Bunge ikawaita. Mama akiwa katikati ya maelezo, mwenyekiti, kule mwisho wa meza, akamnong'oneza jirani yake kwamba njaa inamuua na huyu mama hana breki, na mama, kwa mazoea ya kiwandani, akasahau kwamba ule ni mnong'ono, akamjibu kwa sauti yake yote, Mheshimiwa, vumilia kidogo, hata mimi sijala. Ukumbi ukaangua kicheko, mwenyekiti akacheka hadi akavua miwani, akamwambia mama, basi endelea, tutakufa wote.

Mama alianza kuugua moyo Januari 2023. Mswada ulipopita, tarehe 6 Juni 2024, kwamba kila mfanyakazi aandikishwe kwenye akiba ya uzeeni, hata wa mkataba mfupi, alikuwa wodini, akawatangazia wagonjwa wote, muuguzi akaja kumsihi apunguze sauti, aliposikia habari yenyewe akapiga vigelegele yeye. Sheria ilianza kutumika tarehe 1 Septemba, na kila siku mama aliniuliza, mimi niliye wa mkataba chumba kilekile, umejiandikisha? Nikamwambia bado, tunaogopa, wa kwanza kujitokeza mkataba wake hautaongezwa, akasema, mwanangu, ogopa, lakini uzee haukuogopi wewe. Alitutoka alfajiri ya tarehe 11 Septemba, usingizini, mkono wake ndani ya mkono wa baba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuazima viti na vyumba, wafanyakazi wenzake, na uongozi wa kiwanda kwa basi, na kwa kuwa Meneja yuko hapa safu ya mbele, kwa heshima zote, matanga yakiisha nitakuja ofisini kwako na kitambulisho changu, nijiandikishe, naogopa, ila nitakuja, na wenzangu wa mikataba wameahidi kuja nami, mlango mmoja, saa moja.

Mama, zamu yako umeimaliza, pumzika kwa amani.