Anayekushika Mkono Anahesabu Pumzi Zako

Mwanangu anastaafu! Miaka thelathini na sita ya uuguzi, yote katika wodi ya kifua, na kesho Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho kazini. Haya, nimeshalitoa, lingenikaba. Sasa nawasalimu: hamjambo nyote, madaktari, wauguzi, wafua nguo, wapishi, na wewe mlinzi wa getini unayeniita bibi harusi kila nikipita.

Matroni ndiye aliyeniomba niandike ukurasa huu wa ratiba ya sherehe. Anasema wanaofanya kazi na mwanangu wangeandika vizuri zaidi, ila wote wanamwogopa. Mimi simwogopi, nilimzaa. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mkikuta herufi zimepinda mnivumilie. Tena naandika nimeegemea mto. Sababu mtaiona huko mbele.

Wodini wanamwita Sista Pumzi. Kazi yake, kwa wasioijua, ni kuhakikisha mtu anavuta hewa na hewa inamtosha. Mgonjwa akiletwa anahema kama aliyefukuzwa na mbwa, wengine wote wanakimbilia mtungi wa oksijeni. Yeye, mtungi ukiwa unafunguliwa, anamketisha mgonjwa. Anamsogezea meza, mto juu ya meza, mikono juu ya mto, kifua kipate nafasi. Kisha anamfundisha kutoa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza chai. Wamepita humo watu wazima na vyeo vyao, wote wakipuliza chai isiyokuwepo. Na wengi walirudi makwao kwa miguu yao.

Ndugu wa wagonjwa ndio waliomtoa jasho. Yuko mjomba wa mgonjwa mmoja aliyekuwa akiona muuguzi amegeuka tu, anazungusha kile kirungu cha kufungulia oksijeni ili iongezeke, eti mpwa wake asipunjwe. Mwanangu akamshika mkono taratibu, akamwambia, "Mjomba, hii si redio. Huyu kifua chake kikizidishiwa hewa nacho kinalewa." Yule mjomba mpaka leo akikutana naye sokoni anaficha mikono nyuma.

Sasa spana. Mitungi ya oksijeni hufunguliwa kwa spana, na wakati huo wodi ilikuwa na moja tu, ikipotea kila wiki. Mwanangu akaitia kamba, akaivaa shingoni. Siku ya harusi ya mdogo wake alitoka zamu asubuhi, akavaa gauni, akawekwa maua kichwani. Tumejipanga picha ya familia, mpiga picha akasema, "Dada, hicho chuma shingoni kitatuharibia picha." Mwanangu akatazama chini, akapiga ukelele. Watu wakadhani pete imepotea! Alikuwa ameshachukua viatu mkononi, anakimbilia hospitali. Wodini alikuta mtungi unaotumika mshale umefika kwenye nyekundu, wenzake wanahangaika na mpya kwa koleo la fundi bomba. Akaufungua, maua yakiwa bado kichwani. Kwenye picha ile ya harusi kuna pengo kati yangu na shangazi yake. Wageni wangu wote nawaonyesha pengo lile. Nawaambia, huyo hapo ndiye mwanangu.

Baadaye hospitali ikanunua spana ya pili, ikafungwa mnyororo ukutani. Yeye ya kwake hakuivua. Anasema mnyororo hauna macho.

Na ule mkono wa kwenye kichwa cha ukurasa huu je? Kila Jumapili alipokuja nyumbani alikuwa akikaa karibu yangu, ananishika mkono, kimya. Mimi najitapa kwa majirani: jamani, mwanangu ananipenda, wenu wanakuja na simu zao. Miaka, nawaambieni! Mpaka siku moja nikaona midomo yake inatembea. Kumbe anahesabu. Alinieleza kwamba ukimwambia mtu unahesabu pumzi zake, anaanza kupumua kwa adabu kama anayepigwa picha. Ndiyo maana humshika mkono kama anayepima mapigo ya moyo, kumbe macho yako kifuani. Nikanuna wiki nzima. Kisha nikaanza kuukosa ule mkono, nikamnyooshea wangu mwenyewe.

Mwaka huu wote, badala ya kufurahia kustaafu, amekuwa mtu wa wasiwasi. Spana atamwachia nani? Wauguzi wazuri wapo, mashine mpya zipo, lakini alitaka anayeweza kukaa na mgonjwa akamhesabu bila kushtukiwa. Wa karibu alikuwa muuguzi mmoja msichana, wanamwita Kasuku, kwa sababu hiyo hiyo mnayoifikiria. Mikono myepesi, moyo mzuri, mdomo haufungi. Mwanangu alikuwa akirudi anasema, "Mama, yule mtoto ataongea mpaka mgonjwa azimike."

Wiki mbili zilizopita mimi nikaanza kubanwa kifua. Nikifika jikoni napumzika, nikifika mlangoni napumzika. Nikajiambia, wakijua watanilaza, na sherehe ya mwanangu itanipita nikiwa nimetazama dari. Alipokuja Jumapili iliyopita nikajifunga shali mpaka kidevuni, na akinishika mkono tu naanza kuongea. Maana mtu anayeongea hahesabiki, na hilo alinifundisha yeye mwenyewe! Nikamsimulia bei ya vitunguu, nikamsimulia ndoto, nikamwimbia. Akaniangalia sana. Akaondoka bila namba.

Jumatatu akarudi na Kasuku. Akasema anapitia jikoni kuchemsha chai. Kasuku akakaa, akanishika mkono, nami nikafungua mdomo nianze na vitunguu. Sikuwahi. "Bibi," akasema, "umesikia ya yule mpishi wetu na mfua nguo?" Nikasema sijasikia. Nani angesema amesikia?

Basi yule mpishi alikuwa anampenda mfua nguo, na kusema anaona haya. Akaandika posa yake kwa wino kwenye shuka chafu, akijua litafika kwa mwenyewe. Mfua nguo siku hiyo hakuja kazini. Shuka likafuliwa na mwingine, wino haukutoka, likatandikwa kwenye kitanda cha Matroni, ambaye siku hiyo alikuwa amelazwa na homa. Matroni kuamka, anasoma ubavuni mwake: nitakupikia maisha yangu yote. (Matroni, najua unasoma hapa. Ukiikata sehemu hii nitajua.)

Mimi nimekaa mdomo wazi, kimya, nasubiri Matroni alijibu nini. Hapo hapo Kasuku akakata hadithi.

"Bibi, unapumua mara thelathini kwa dakika, na mabega ndiyo yanayovuta hewa, si kifua. Twende hospitali."

"Kwanza maliza," nikasema. "Matroni alijibu nini?"

"Nitamalizia ukipona."

Nikageuka, mwanangu yuko mlango wa jikoni, kikombe mkononi, hakuna chai. Naye alikuwa akihesabu kutoka pale. "Thelathini," akasema. "Sawasawa na mimi." Kisha akanijia. "Mama, unanificha mimi? Mimi?" Sijamwona akilia tangu tulipomzika baba yake. Alikuwa analia huku ananisogezea meza, na mto juu ya meza.

Kwa hiyo ukurasa huu nauandika leo Alhamisi nikiwa kitanda cha dirishani, wodi ya kifua, mirija puani, na kidude cha kupima hewa kimeniuma kidole. Wameniambia ni mapafu yameingiwa na maradhi, yamekamatwa mapema kuliko nilivyostahili. Dawa inafanya kazi. Lakini daktari amesema waziwazi: namba ya kidoleni isiposhuka chini ya tisini mpaka kesho jioni, nitakwenda ukumbini kwa kiti cha magurudumu na mtungi mdogo. Ikishuka, nitasikia vigelegele kupitia dirisha. Kila nikiandika mistari miwili natazama namba. Mwanangu amenikataza kuitazama, anasema naitia hofu. Jana nilijipaka mafuta usoni nianze kung'aa kwa ajili yenu, Kasuku akaja kuyafuta yote, eti mafuta na oksijeni ni moto unaongoja kiberiti. Basi nitakuja nimepauka, mtanisamehe.

Nataka kuwepo kwa sababu moja. Mwanangu amesema spana ataivua mbele yenu, aivalishe shingo ya Kasuku. Chuma kile kimelala kifuani pake tangu nywele zake ni nyeusi. Nataka nione atasimamaje bila uzito huo. Hilo sitaki kusimuliwa.

Nawashukuru mliomlea kazini nilipokwisha mimi kumlea. Na wewe mwanangu, asante kwa kila kifua ulichokaa karibu nacho, na changu kikiwemo. Uamke utakapo. Upige picha ya familia mpaka mwisho. Na chai yako uipulize kwa sababu ni ya moto kweli.

Matroni amesimama hapa, anataka karatasi yake ikachapwe, na mpaka sasa amekataa kuniambia alimjibu nini yule mpishi. Namba imesimama tisini na moja, daktari anasema kwa umri wangu na kifua changu si haba. Mkiniona ukumbini mwanangu amenishika mkono na hasemi kitu, msitusemeshe kwanza, mwacheni amalize kuhesabu. Ukumbi wa chakula wa hospitali, saa nane mchana, na mtu asiniambie hakupata habari: Jumamosi.