Miguu ya Mnyama wa Kilindini

Kijiwe cha Kaimu kilikuwa gogo la mninga lililolazwa nje ya stesheni ya Nachingwea, enzi zile gari moshi lilikuwa bado jipya na watu wakilitazama kama bibi harusi. Kaimu aliuza kahawa na kashata za karanga. Karanga za wakulima wa Chinongwe, maana zile za shamba kubwa la Wazungu zilikuwa bado zinangojewa. Alasiri hiyo wateja wake watatu wa kila siku walikuwa wamekaa gogoni, ndipo kijana Saburi alipofika amekumbatia kikapu, jasho linamtiririka. Jioni alikuwa anakwenda kuposa kwa akina Hajira, bila mzee wa kumsindikiza, na baba wa binti alikuwa ametaka kitu kimoja tu: gari moshi sasa linafika baharini, basi naye aonje kitoweo cha bahari kabla hajafa. Saburi akamwagiza mtu wa reli anayekwenda Mtwara. Alicholetewa ndicho kilichokuwa kikapuni, na hakukielewa.

Akafunua jani la mgomba. Chini yake alilala mnyama mwekundu, mwili kama kisahani, miguu mirefu kama fito za uzio.

— Mama yangu! — akaruka Injini. Jina lake ni Abdala, ila tangu Wazungu wamruhusu kupanda trekta lao hakuna aliyemwita hivyo tena. — Kitu gani hicho?

— Mtu wa reli kasema ni kaa, — alisema Saburi. — Kuna meli ya Wazungu wanaopima kina cha bahari. Wamemvua kilindini kabisa, gizani huko. Ameshachemshwa kwa chumvi.

— Kaa? — Shaibu akaweka kikombe chini. Huyu ndiye Bwana Fatwa. Chuo cha Kurani alikaa masika moja, na tangu hapo hukumu hazimwishi. — Kaa haliwi, bwana we! Kwa madhehebu yetu, mnyama anayeishi majini na nchi kavu ni haramu. Mpelekee mkweo kaa, uone kama utapewa mke.

Saburi aliogopa kweli. Hajira alikuwa amemsubiri misimu miwili ya mavuno.

— Lakini huyu hajawahi kuiona nchi kavu, Bwana Fatwa. Kaishi kilindini tu.

— Basi huenda si kaa. Na kama si kaa, ni samaki, mkweo ale mpaka ajilambe. Kazi ni kumtambua. Tulia, kijana, umefika penyewe.

Hapo Saburi angeondoka angepona. Akakaa.

Wa kwanza alikuwa Bashiri seremala, maarufu kama Fundi Rula, mtu asiyeamini kitu asichokipima. Akachomoa rula yake.

— Kaa wa Mto Mbwemkuru ana mguu mfupi, anachimba shimo ukingoni. Huyu kwa fito hizi atachimba nini? Lazima tuone ndani.

Akavunja mguu, akachungulia, akafyonza.

— Ee, Fundi! — Saburi akapiga kelele.

— Napima unene wa nyama, — alisema Fundi Rula, mdomo umejaa. — Basi, nimemjua. Buibui huyu! Aliachwa na safina ya Nabii Nuhu. Maji yalipopungua wenzake wakapanda juu, yeye akawa ameshazoea.

— Buibui ana miguu minane, — alisema Injini. — Huyu ana minane, na mikono miwili tena.

— Mikono kaiota akijifunza kuogelea. Una lingine?

— Ninalo! Nyinyi hamjui mashine. Tazameni: makucha ya mbele yanang'oa visiki, miguu ya nyuma inasukuma. Huyu ndiye anayelima huko chini. Mnadhani Wazungu waliliona wapi trekta la kwanza? Na wekundu huu ni kutu ya chumvi.

Akavunja miguu miwili, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto, ili uchunguzi usipendelee upande.

— Mafuta ya taa hamna, — alitangaza baada ya kumeza.

— Sasa trekta linaliwa? — aliuliza Saburi.

— Hili limeiva.

— Acheni upuuzi, — alisema Bwana Fatwa. — Mwenye macho madogo hivi, gizani, anatafuta nini kama si jini? Na jini likichemshwa, nyama yake huwa chungu. Lete mguu.

Akala, akafumba macho.

— Si chungu. Labda mguu huu halikuuingia. Lete mwingine.

Saburi alivuta kikapu, Injini akakishika upande wa pili, na wazee wale waliendelea kumtambua mnyama mpaka likabaki gamba na kucha moja. Ndipo Bwana Fatwa akajifuta vidole.

— Nimefikia hukumu. Ni kaa. Ladha ni ya kaa wa Mbwemkuru, haina shaka. Haramu, mtupe.

— Kweli kabisa, — alisema Fundi Rula. — Kama wale wale.

— Hasa wale wa kiangazi, — alisema Injini.

Saburi alitaka kulia. Nyuma yake sauti ya mwanamke ikasema:

— Hamjambo, wazee. Nina swali dogo.

Alikuwa Bi Zaina, shangazi yake Hajira, aliyetumwa kuuliza mbona mposaji haonekani. Kumbe alikuwa amesimama pale muda.

— Hiyo ladha ya kaa wa Mbwemkuru mmeijulia wapi?

Fundi Rula akaitazama rula yake. Injini akanyoosha kikombe haraka, lakini Kaimu aliinamisha dele la kahawa na halikutoa hata tone.

— Lete mikono, — Bi Zaina akamwambia Saburi. Akainusa yote miwili, haikuwa na harufu ya nyama, kisha akainusa mikono ya wale watatu, mmoja mmoja, bila haraka.

— Shangazi, sina tena cha kumpelekea baba, — alisema Saburi.

— Unacho. Kaka yangu alitaka kuijua ladha ya bahari, na kijana asiye na wazee haposi. — Akawageukia wale watatu. — Inukeni. Nyinyi ndio wazee wake wa posa. Mkamweleze mwenyewe ilivyokuwa tamu.