Aliyepanda Winchi Bila Maji

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Punguzeni kelele za masufuria kidogo, sogeeni. Leo tunamkumbuka mwendesha winchi. Ndiyo, winchi, ile mashine ndefu ya ujenzi inayonyanyua nondo na zege mpaka ghorofa za juu. Na mwendesha winchi wetu alikuwa mwanamke. Alitutoka mwezi uliopita, kwa maradhi ya figo.

Kazini walimwita Mteremko. Jina hilo hakulichagua. Alipoomba chuo cha ufundi, wasichana walikuwa wametengewa nafasi maalumu, na alama zao za kuingilia zilishushwa kidogo. Akaingia. Basi wanaume wakapata la kusema: huyu kapita kwa mteremko! Utani ukamganda, akatoka nao chuoni, akazeeka nao kazini. Wao walikuwa wanacheka tu, jamani. Yeye alikuwa anaamini.

Na hapo ndipo alipobanwa. Akisifiwa, anajiambia wananisifu kwa kuwa ni mwanamke. Akikosolewa, anajiambia leo wamenigundua. Sasa mtu wa namna hiyo utamwambia nini akuelewe?

Mpiga ishara wake, yule anayesimama chini na kumwongoza kwa mikono, anasema hajaona mtu mwenye mkono mwepesi kama yeye. "Dada alikuwa anatua mzigo kama anamlaza mtoto aliyesinzia." Siku moja upepo uliusukuma mzigo, ukagonga jukwaa la mafundi. Hakuumia mtu. Waendeshaji wengine yakiwakuta hayo wanapiga kicheko, kazi inaendelea. Yeye alishuka, akaenda mwenyewe kwa msimamizi kuomba asimamishwe kazi. Mpiga ishara akamkimbilia.

"Dada, hata mimi nilichelewa kukupa ishara. Yaishe."

"Wewe ukikosea, umekosea wewe," akamjibu. "Mimi nikikosea, wasichana wote watafungiwa mlango."

Sasa tegeni masikio hapa. Kampuni ilimjengea choo chake pale saiti. Safi, kina mlango na komeo. Wanaume wakakipa jina, Ikulu. Alipokitumia siku ya kwanza, saiti nzima ikapiga miluzi: "Mteremko anakwenda Ikulu!" Hakukitumia tena. Badala yake akaacha kunywa maji kazini. Jua linawaka, kile kibanda cha vioo huko juu kinachemka, koo limemkauka, na yeye kimya. Hakunywa, wasikilizaji wapendwa, ili asishuke. Hakushuka ili asichekwe. Akaenda hivyo miaka nenda rudi.

Binti yake, mtoto wake wa pekee, aliniambia hivi: "Nilikuwa namtilia chupa ya maji kwenye mkoba. Jioni inarudi imejaa vilevile. Nikimuuliza, anasema, nimesahau, mwanangu. Hivi mtu anasahau kiu?"

Binti alipomaliza shule, naye akataka winchi. Nafasi maalumu za wasichana bado zilikuwepo. Mama akang'aka. "Hapana! Rudia mtihani, uingie kwa mlango wa wote. Usije ukaishi kama mimi."

"Lakini mama, kazi unaiweza. Kila mtu anasema."

"Wananionea huruma."

Loo! Mama anampenda mwanawe mpaka anamzibia njia aliyopita mwenyewe. Binti alilia, akatii, akakaa nyumbani na vitabu vyake.

Kisha figo zikagoma. Pale wodini, daktari akampimia maji, kijiglasi tu kwa siku, maana mwili haukuweza tena kuyatoa. Mwanamke yule alikuwa akikitazama kile kijiglasi mpaka binti anageuza uso. "Sasa nataka kunywa," alisema, "na hakuna wa kunicheka. Ndiyo kwanza wananipimia."

Binti akajikaza, akamuuliza lililokuwa likimsumbua. "Mama, chuoni walikufungulia mlango. Sawa. Ile ngazi ya winchi, kila asubuhi, nani alikuwa anakupandisha?"

"Sijui, mwanangu," akasema mama. "Mpaka leo sijui."

Hakuwahi kujua. Alikwenda nalo. Mimi hilo linaniuma kuliko figo zenyewe.

Binti ameanza chuo Jumatatu hii. Nafasi ileile, mlango uleule. Nilimpigia simu kumuuliza siku imekwendaje. "Nilibeba chupa kubwa," akasema. "Nilikuwa nimeapa nitakunywa. Mchana nikaitazama, imejaa mpaka juu. Na hakuna aliyenicheka bado! Hata jina hawajanipa. Nikakaa pale ngazini mbele ya wanafunzi wenzangu wote, nikanywa mpaka ikaisha. Halafu nikauliza kwa sauti, jamani, choo kiko wapi?"

Kwako binti, kwa wajomba na mama zako wadogo, kwa mpiga ishara na wenzake wote wa saiti: poleni sana. Sisi wa kipindi hiki tunalia pamoja nanyi. Mama apumzike kwa amani.

Na wewe unayempachika mwenzio jina kazini, ukadhani ni utani, jiulize analibeba mpaka wapi. Na wewe dada, uliyeingia kwa nafasi ya kutengewa, unanisikiliza sasa hivi huko kazini na koo limekukauka. Chupa unayo hapo. Ifungue, unywe.