Mlango wa Halvor Ostrem na Hodi ya Adhuhuri

Mchungaji, jamaa, majirani wa Kestrel Creek, na ninyi mliotoka makao makuu ya jimbo kwa barabara yenye barafu, Bwana asifiwe. Familia imenituma mimi, mpwa wake, nisome maisha ya mzee wetu Halvor Nils Ostrem, na nitasoma taratibu, maana humu yamo mambo ambayo mwenyewe aliagiza yasemwe, na mengine ambayo sisi tuliyaona na hatuna maelezo yake.

Halvor alizaliwa tarehe 3 Machi 1938, hapa Kestrel Creek, katika chumba cha mbele cha nyumba ya baba yake, theluji ikiwa imefunga barabara na mkunga akiwa amefika kwa farasi, mtoto wa kwanza wa Nils na Berit Ostrem, akabatizwa katika kanisa hili hili la Kilutheri siku ya Pasaka, tarehe 17 Aprili. Alisoma shule ya chumba kimoja kule juu kijitoni, kisha sekondari ya mjini Tolland, akamaliza mwaka 1956, wala hakuendelea, kwa kuwa baba yake alivunjika nyonga na ng'ombe walihitaji mtu. Mwaka 1961 aliitwa jeshini, akatumikia miaka miwili Ujerumani, na bendera iliyofunika jeneza lake leo ni haki yake, nalitaja hili kwa sababu wapo waliosema kwamba hakuipenda nchi.

Kazi yake ilikuwa ufugaji wa ng'ombe, na kuanzia Januari 1975 alikuwa seneta katika Seneti ya jimbo letu. Lakini wengi mnamkumbuka kwa desturi ya nyumba yake, aliyoirithi kwa baba yake, kwamba mtu wa serikali akija, awe wa jimbo letu au wa shirikisho kule Washington, hubisha mara tatu, hushuka akasimama chini ya ngazi ya baraza, na husubiri aulizwe, "Wewe ni nani, na nani kakutuma?" Akitaja jina lake na sheria iliyomleta, anakaribishwa kahawa na pai ya tufaha, asipoitaja, anarudi na njaa yake. Ofisa mmoja mgeni aliwahi kumjibu, "Nimetoka serikalini, mzee," naye akamwambia, "Ipi, kijana? Tunazo mbili, na zote zinakula." Watu walicheka, ila yeye hakuwa akitania, kwani alitufundisha tangu utoto kwamba serikali mbili zikikodoleana macho, mwananchi analala, lakini siku serikali hizo zikigeuka kutazama upande mmoja, upande huo ndiko uliko mlango wako.

Alifunga ndoa na Lavinia Haugen tarehe 12 Juni 1965, mbele ya madhabahu hii, na Mungu akawajalia binti mmoja, Solveig, aliyezaliwa tarehe 9 Oktoba 1967, ambaye amekaa hapa mbele na ndiye aliyemuuguza baba yake. Lavinia alitutangulia mwaka 2011.

Sasa nafika mahali aliponionya nisiparuke. Jirani yake wa upande wa juu alikuwa Basilio Etcheverry, mfugaji wa kondoo, Mkatoliki, mtu wa maneno machache, ambaye malisho yake yalitegemea chemchemi moja. Mwaka 1983 watu wa shirikisho walianza kudai kwamba chemchemi zote za vilimani ziwe chini ya Washington, Basilio akaja kwa Halvor, na Halvor akamwahidi kwamba hakuna ofisa atakayetia mguu pale. Akaandika sheria ya kuziweka chemchemi mikononi mwa jimbo, akaipa meno makali ili Washington isipate pa kupenya. Alipomsomea Lavinia mezani, mama alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Hawa wa mbali umewafungia nje. Na wa kwetu, nani atawazuia?"

"Wa kwetu nawajua, mke wangu, Jumapili tunakaa nao benchi moja."

"Benchi si sheria, Halvor."

Mstari wa kuwazuia wa kwetu hakuuandika, na sheria ikapita.

Kiangazi cha mwaka uliofuata kilikuwa kikali, maofisa wa jimbo wakaamua maji yapelekwe bondeni, na aliyetumwa alikuwa kijana wa kwetu, mwimbaji wa kwaya hii, ambaye hakubisha kwa akina Etcheverry, maana sheria haikumtaka abishe, akapanda moja kwa moja akaweka lango na kufuli kwenye chemchemi. Basilio alishuka hadi kwenye baraza la Halvor, akasema, "Jirani, uliniahidi hawataingia."

"Niliwaza wale wengine," Halvor akajibu.

"Kondoo wangu hawajui tofauti," akasema Basilio, akavaa kofia yake na kuondoka, na hayo ndiyo maneno yao ya mwisho. Tarehe 11 Februari 1985 alipanda katika tufani ya theluji ili avunje lile kufuli, na kesho yake wakamkuta ameketi ndani ya chemchemi, maji yameganda hadi kiunoni, mkono umeshika lango.

Mwezi wa Juni mwaka huo, adhuhuri ya jua kali, familia ikiwa mezani, mlango ulibishwa mara tatu. Halvor aliuliza kama kawaida yake, "Wewe ni nani, na nani kakutuma?" na hakuna aliyejibu, akafungua, na hakukuwa na mtu, ila chini ya ngazi palikuwa na nyayo mbili za buti, zimelowa, ncha zimeelekea mlangoni. Tangu siku ile hodi ilikuja ilipotaka, daima adhuhuri, daima siku kavu. Mchungaji wetu wa zamani, Lindqvist, aliisikia akiwa na kikombe mkononi, akasema, "Ni upepo huo, Halvor," naye akamwonyesha ngazi na kumuuliza, "Upepo gani unaovaa buti, mchungaji?" Mchungaji alipiga magoti pale pale, na Lavinia akaanza kuandaa sahani ya ziada kila mchana, ambayo haikuguswa kamwe. Kuanzia hapo Halvor alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, kwamba anayebisha ajibu kabla yeye mwenyewe hajafa.

Alijaribu kurekebisha sheria yake, na kila kikao wenzake walimzomea, "Halvor, Washington wamekununua kwa bei gani?" Mwaka 1991 alisimama katika mahakama ya shirikisho, upande wa mjane, Maite Etcheverry, akatoa ushahidi dhidi ya sheria aliyoiandika kwa mkono wake, na jaji akaamua kwamba jimbo libaki na mamlaka juu ya chemchemi, lakini ofisa wake asiingie kwa mtu kabla mwenye shamba hajasikilizwa. Lango likang'olewa, Maite akarudishiwa maji, Halvor akapoteza kiti chake mwaka uliofuata. Ofisa wa shirikisho alikuja kumpongeza, akapanda ngazi bila kubisha, na mzee akamrudisha chini, akimwambia, "Kulifunga jimbo mkono mmoja hakukufungulii wewe wako. Shuka, ubishe." Tulidhani baada ya hukumu ile hodi zingekoma, lakini hazikukoma.

Moyo wake ulianza kudhoofika mwaka 2018, akalazwa hospitali ya Tolland mara kadhaa, na Desemba iliyopita akaomba arudishwe nyumbani, kitanda kikawekwa katika chumba cha mbele, alimozaliwa. Jumanne, tarehe 14 Januari 2020, adhuhuri, baridi kavu na anga jeupe, mlango ulibishwa mara tatu. Solveig alikuwa ameshika mkono wake, na nesi aliyetumwa na hospitali alikuwa kando ya kitanda. Mzee, ambaye kwa siku mbili hakuwa amesema neno, aliuliza kwa sauti yake ya zamani, "Wewe ni nani, na nani kakutuma?"

Na sauti ya mtu ikajibu kutoka chini ya ngazi, Solveig ameisikia na nesi ameisikia, "Basilio. Sikutumwa na mtu."

"Basi karibu ndani, jirani," akasema Halvor, na hakupumua tena. Nesi alipofungua mlango, ngazi ilikuwa kavu. Nyayo zilizolowa zilikuwa nyuma yake, sakafuni, kutoka kizingitini hadi kando ya kitanda, na za kurudi hazikuwapo.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa Tolland, majirani mlioleta chakula na kulisha ng'ombe, wenzake wa Seneti, hata wale waliomzomea, na kwa namna ya pekee mama Maite Etcheverry, aliyeleta maji ya chemchemi yake katika chupa, ambayo mchungaji atayanyunyiza kaburini. Kwa agizo la marehemu, mlango wa kanisa usifungwe hadi tutakapotoka, tuvumilie baridi.

Nenda, Halvor, upumzike kwa amani, ukiwa mgeni uliyepiga hodi na kungoja, na Bwana akuitikie.